Vuli Kati ya Ziwa na Mlima

Kutoka Jinja hadi Mbale hazifiki kilomita mia mbili. Dereva wa lori asiye na mzigo, barabara ikiwa kavu, huimaliza njia hiyo kabla jua halijawa kali. Lakini kuanzia Septemba hadi Novemba, mvua za vuli zinapoingia, kilomita hazisemi kitu. Kinachosema ni mawingu: yametanda upande gani, yameanza saa ngapi, na wewe uko wapi yanapofunguka. Safari ya sura hii tuliifanya msimu huo, ndani ya gari kuukuu lililong'olewa viti vya nyuma na kuwekewa godoro, jiko la mtungi mdogo wa gesi na madumu ya maji. Anayelala ndani ya gari hana ukuta wa kumficha na hali ya hewa. Mvua ikinyesha usiku anaisikia tone kwa tone juu ya bati, na asubuhi ndiyo inayomwambia kama aondoke au angoje.

Magari ya namna hii si mageni Jinja. Tangu miaka ya 1990, mitumbwi ya mpira ilipoanza kushushwa kwenye maporomoko ya Nile, malori makubwa ya watalii kutoka Nairobi yamekuwa yakipiga kambi kandokando ya mto, upande wa Bujagali. Siku hizi wanaokodi magari yenye hema paani ni wengi pia, na baadhi yao huja Septemba na Oktoba, wakati ambapo kwao Ulaya majani yanapukutika na baridi inabisha hodi. Jinja iko karibu mno na ikweta kwa mambo hayo. Joto la Oktoba linafanana na la Mei, na jua linachomoza na kutua karibu saa zilezile mwaka mzima. Badala ya kupukutika, mashamba yanachipua: maharage ya msimu wa pili yanatoa majani, na akina mama wa Busoga wanapandikiza marando ya viazi vitamu juu ya matuta yaliyolimwa jana. Kinachobadilika ni maji tu, na maji yanabadilisha kila kitu kingine.

Jambo ambalo msafiri wa njia hii anapaswa kulijua kabla ya kuwasha injini ni hili: kati ya Jinja na Mbale kuna mvua mbili. Moja inatengenezwa na ziwa, nyingine inatengenezwa na mlima, na kila moja ina saa zake.

Ya ziwa ni ya usiku. Ziwa Viktoria lina eneo la karibu kilomita za mraba 69,000, na maji mengi kiasi hicho hayapoi upesi kama nchi kavu. Mchana ardhi inapata moto, hewa inapanda juu yake, na upepo unavuma kutoka ziwani kwenda bara, ndiyo maana anga ya katikati ya ziwa mchana mara nyingi huwa nyeupe. Usiku mambo yanageuka. Ardhi inapoa, ziwa linabaki na joto lake, upepo unarudi ziwani kutoka pande zote za pwani, unakutana katikati, unapanda na kufanya mawingu marefu ya radi. Ukilala Jinja mwezi wa Oktoba, saa nane za usiku utaona upande wa kusini unamulika bila sauti, kisha sauti zinaanza kufika. Siku nyingine radi hizo zinakufa hukohuko majini. Siku nyingine zinasogea hadi pwani na kumwagika alfajiri, na mji unaamka ukiwa na madimbwi.

Mvua ya mlima ni ya mchana. Elgon ni volkano iliyozimika zamani sana, yenye kitako kipana cha ajabu na kilele cha Wagagai kinachofika mita 4,321. Jua la asubuhi likipiga miteremko yake, hewa yenye unyevu inapanda kando ya mlima, na kufikia saa saba au saa nane mchana mawingu meupe yamegeuka kuwa ya kijivu. Jioni yanafunguka. Mahali ambapo athari za ziwa na za mlima zinakutana, upande wa Tororo, radi ni jambo la kila siku hasa: hesabu zilizofanywa kati ya 1967 na 1976, ambazo zilipata nafasi katika kitabu cha rekodi cha Guinness, zilitoa wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka.

Ukiziweka saa hizo mbili pamoja unapata ratiba ya safari. Ondoka Jinja ziwa likishamaliza kazi yake, fika Mbale kabla mlima haujaanza yake. Kwa kawaida nafasi hiyo iko kati ya saa mbili asubuhi na saa saba mchana. Madereva wa matatu hawahitaji kuelezwa. Wamekua ndani ya ratiba hiyo, na ukimwona mmoja wao anakataa kungoja abiria wa mwisho saa sita mchana, mara nyingi ametazama mashariki, hakutazama saa.

Kabla ya kuiacha Jinja inafaa kukaa kidogo kando ya maji yake, kwa sababu hapa ndipo hesabu ya mvua za Afrika Mashariki inapohifadhiwa. Nile ndiyo njia pekee ya maji kutoka Ziwa Viktoria. John Hanning Speke alipofika tarehe 28 Julai 1862 aliyaona yakimwagika kwenye maporomoko aliyoyaita Ripon. Maporomoko hayo hayapo tena. Yalimezwa na bwawa la Owen Falls, linaloitwa sasa Nalubaale, lilipofunguliwa mwaka 1954, na kwa zaidi ya miaka sitini magari yote ya kutoka Kampala kwenda mashariki yalipita juu ya ukuta wa bwawa hilo, hadi daraja la nyaya lenye urefu wa mita 525 lilipozinduliwa Oktoba 2018. Mbele kidogo bwawa la Bujagali nalo lilifunika maporomoko mengine mwaka 2011, na wenye mitumbwi ya mpira wakasogea chini zaidi, kuelekea Itanda.

Ziwa hilo lenye mlango mmoja linaweka kumbukumbu ya kila vuli kubwa. Mwaka 1961 Bahari ya Hindi ilipata joto upande huu wetu wa magharibi na kupoa upande wa Indonesia, na mvua za Oktoba hadi Desemba zikashuka kwa wingi wa kutisha kutoka Somalia hadi Tanzania. Ziwa likaanza kupanda. Kufikia 1964 lilikuwa limepanda zaidi ya mita mbili, na halikurudi chini haraka. Mtindo uleule wa bahari ulijirudia 1997, ukajirudia tena 2019. Mtu wa Mombasa au Tanga anayekumbuka vuli ya 2019 kwa barabara zilizokatika anakumbuka mvua ileile iliyozamisha nyumba za wavuvi wa Jinja miezi michache baadaye. Tarehe 14 Aprili 2020 kisiwa kizima cha mafunjo na udongo, kilichobanduliwa ufukweni na maji yaliyopanda, kilielea na upepo hadi kikaziba mitambo ya Nalubaale, na sehemu kubwa ya Uganda ikakosa umeme. Sijui mfano ulio wazi kuliko huo wa kuonyesha kwamba mvua inayonyesha leo haijamaliza kazi yake leo.

Kambi yetu ilikuwa juu ya ukingo wa mto. Usiku wa kwanza radi zilifika. Vijana wawili wageni waliokuwa jirani yetu, wenye hema juu ya paa la gari lao, walibaki humo humo wakidhani gari linawalinda. Mlinzi wa kambi, mzee wa Kisoga aliyevaa koti la mvua la kijeshi, aliwaendea na kurunzi. "Shukeni, wanangu," aliwaambia kwa Kiswahili cha zamani cha askari. "Ingieni ndani, mfunge milango." Alisema kweli. Bati la gari hupitisha umeme wa radi kwa nje hadi ardhini, na aliye ndani, mradi hajashika chuma, yuko salama kuliko aliye chini ya mti. Hema la turubai paani halina bati. Linamweka mtu juu kuliko kila kitu kinachomzunguka, basi. Kwa sababu hiyohiyo sisi hatukuegesha chini ya mvule mmoja mzuri uliosimama peke yake, ingawa mchana kivuli chake kilitamaniwa na kila mtu.

Tuliondoka saa mbili na nusu, lami ikifuka mvuke. Kuanzia Kakira barabara inapita kati ya miwa, ekari baada ya ekari, shamba lililoanzishwa na Muljibhai Madhvani zaidi ya miaka tisini iliyopita na ambalo bado linailisha Uganda sukari. Vuli inaleta hatari yake hapa. Matrekta yanayovuta miwa yanatoka mashambani yakiwa na udongo mzito kwenye matairi, yanaudondosha juu ya lami, na manyunyu kidogo yakiugusa barabara inakuwa kama imepakwa sabuni. Mvua kubwa inauosha. Rasharasha ndiyo ya kuogopwa, na madereva wa hapa hupunguza mwendo kwa manyunyu kuliko kwa mvua ya kweli.

Iganga tulisimama kula. Ndizi ya gonja ya kuchoma ilikuwa bado na moto wa makaa, na kijana mmoja alituviringishia mayai ndani ya chapati, chakula ambacho Uganda nzima inakiita rolex. Mashariki kidogo ya Iganga, penye Nakalama, njia zinagawanyika. Malori ya Mombasa yanaendelea kwenda Bugiri, na kutoka huko Busia au Malaba. Wenye kwenda Mbale wanashika kushoto, njia ya Tirinyi, inayokata kupitia Namutumba, Kibuku na Budaka. Mtu anaweza pia kuzunguka kwa Tororo, na kuna wakati inabidi, lakini Tirinyi ni fupi na imenyooka, na ndiyo inayomfundisha msafiri kusoma anga.

Inamfundisha kwa mpunga. Kutoka Namutumba ardhi inashuka taratibu hadi Mto Mpologoma, ambao si mto wa kingo mbili na maji katikati. Ni kinamasi kipana cha mafunjo, kinachotambaa kwenda Ziwa Kyoga, na barabara inakivuka juu ya tuta. Zamani mafunjo yalikuwa yanafika upeo wa macho. Leo sehemu kubwa imefyekwa na kupandwa mpunga, zao lililoenea sana mashariki mwa Uganda tangu miaka ya 1970, wataalamu kutoka China waliposaidia kuanzisha mashamba ya Kibimba na Doho. Watu wa hapa Bukedi walijifunza, wakachukua mbegu na kuingia kwenye mabonde yao wenyewe. Mpunga una faida ya haraka, na sioni ni nani anayeweza kumlaumu mkulima mwenye karo za shule za kulipa. Lakini kinamasi kilikuwa kinayapokea maji ya Elgon, kinayashika na kuyaachia polepole. Kila ekari ya mafunjo inayoondoka ni maji yanayobaki bila pa kukaa, na vuli ikizidi, maji hayo hupanda kwenye mashamba yenyewe na wakati mwingine kwenye barabara.

Mpunga ukishavunwa unaanikwa kando ya lami juu ya maturubai, pamoja na mtama na muhogo. Hapo ndipo ilipo taarifa ya hali ya hewa iliyo bora kuliko zote za njia hii. Ukipita kijiji watu wamekaa kivulini, mpunga umetandazwa, endelea na safari. Ukiona mwanamke mmoja ameinuka na kutazama juu, funga madirisha. Ukiona watoto wanakimbia na watu wawili wawili wameshika pembe za turubai na kuzikunja katikati, una dakika chache. Sisi tuliviona hivyo vyote ndani ya kijiji kimoja, mbele ya Tirinyi. Mbele yetu anga ilikuwa bado na jua, na ningeapa kwamba hakuna kitu. Kisha upepo wa baridi ukapita, vumbi likainuka kutoka kwenye njia za pembeni, na mvua ikaja kutoka nyuma, si kutoka mlimani tulikokuwa tunatazama. Mvua za msimu zenyewe, zinazohama na jua kati ya kaskazini na kusini, hazifuati ziwa wala mlima kila siku. Ratiba niliyoitoa ni ya siku nyingi, si ya siku zote, na waanikaji wa mpunga wanaijua tofauti hiyo kwa sababu gunia lililolowa halinunuliwi bei ya gunia kavu.

Tuliingia kwenye kituo cha mafuta Kamonkoli na kukuta bodaboda wamejazana chini ya paa. Walitupisha. Hakuna aliyekuwa na haraka. Mmoja alituuliza tunakwenda wapi na gari lenye pazia, tukamwambia Mbale, na pengine tupande milimani. Alitazama matairi yetu. "Mbale fikeni," alisema. "Huko juu, mzee, ngojeni asubuhi."

Ushauri huo una uzito ambao mgeni hawezi kuuona kwa macho. Mbale imelala miguuni pa Wanale, ukuta wa mlima unaochomoza juu ya mji na maporomoko membamba yanayoonekana kutoka barabarani baada ya mvua. Nabuyonga na Namatala, mito inayopita mjini, inatoka huko juu. Ndiyo maana Mbale unaweza kuwa umekaa kwenye jua, lami kavu, watu wanakunywa chai barazani, na mto unaongezeka. Usiku wa tarehe 30 Julai 2022, hata kabla vuli haijaanza, mvua iliyonyesha milimani ilishuka na mito hiyo na kuingia mjini. Zaidi ya watu ishirini walikufa, wakiwemo abiria wa gari lililochukuliwa na maji ya Nabuyonga. Nyumba zilibomoka, mabomba ya maji yakakatika, na mji uliozungukwa na maji kwa siku kadhaa ukawa hauna ya kunywa.

Naandika hapa kwa yeyote mwenye gari, liwe la kulala au la abiria, na ningependa asome polepole. Maji yanayotembea yenye kina cha sentimita thelathini, yaani chini ya goti, yanaweza kuliinua gari dogo. Sentimita sitini zinatosha kuyachukua magari mengi, hata yale ya kazi nzito. Dereva anayeona lori limevuka anadhani njia iko wazi, lakini lori lina uzito wake, na chini ya maji ya rangi ya chai hakuna ajuaye kama kalavati bado lipo. Ukikuta maji yanapita juu ya barabara, simama. Maji ya mlima yanakuja ghafla na mara nyingi yanaondoka kwa saa chache. Na usiku, usiegeshe kando ya mto hata ukutandikie majani mazuri kiasi gani. Sisi tulilala kwenye uwanja wa juu wenye sakafu ya saruji, pua ya gari ikielekea lango, na kulikuwa na kelele za mji usiku kucha. Nililala vizuri.

Asubuhi tulipanda. Njia ya Bududa inashika kusini mashariki, na udongo mwekundu unaanza kukaa kwenye matairi kama viatu. Hii ndiyo nchi ya kahawa ya arabika, ambayo wakulima wa Bugisu wamekuwa wakiiuza kupitia chama chao cha ushirika, Bugisu Cooperative Union, tangu 1954. Migomba na mikahawa inapanda mteremko hadi mahali ambapo mtu wa tambarare asingethubutu kusimama. Nyumba zimekatwa ndani ya kilima, ukuta wa nyuma ukiwa mlima wenyewe. Udongo huu uliotokana na volkano una rutuba ya ajabu, tena ni mzito, wenye mfinyanzi mwingi chini yake. Mvua ikinyesha siku nyingi mfululizo, maji yanazama hadi kwenye tabaka lisiloyapitisha, udongo wa juu unakuwa mzito kwa maji, na miti iliyokuwa na mizizi mirefu ya kuushika imekatwa siku nyingi kupisha mashamba. Kisha mteremko mzima unaondoka.

Tarehe 1 Machi 2010 uliondoka juu ya kijiji cha Nametsi, hapa Bududa, na watu waliokufa walikadiriwa kuzidi mia tatu. Tarehe 11 Oktoba 2018, vuli, mto ulishuka na mawe na magogo katika eneo la Bukalasi na kuua zaidi ya arobaini. Mwishoni mwa Novemba 2024, vuli tena, ilikuwa zamu ya wilaya ya Bulambuli, vijiji vikafunikwa na wengi hawakupatikana. Orodha hiyo haijakamilika. Wenyeji wanayo ndefu zaidi, yenye majina.

Serikali imejaribu kuhamisha watu. Baada ya 2010 baadhi walipelekwa Kiryandongo, mbali upande wa magharibi, na kuanzia 2019 familia nyingine zilijengewa nyumba Bunambutye, kwenye tambarare ya Bulambuli. Ni nyumba nzuri za matofali, ardhi imenyooka, hakuna kitakachoanguka juu yake. Hata hivyo wapo wanaorudi. Wanapanda mlima asubuhi kulima na kushuka, au wanapanda na kubaki. Magazetini niliwahi kusoma wakielezwa kama wakaidi, na neno hilo linanikera hadi leo.

Mama mmoja aliyekuwa akianika kahawa mbele ya nyumba yake alitukaribisha ndizi na chai ya rangi, na hakuona haja ya kujitetea. Kaka yake yuko Bunambutye, alisema. Anaishi vizuri, lakini jua ni kali na mkahawa haukubali kule, wala migomba yao hii. "Huko wamempa nyumba, baba. Ada ya watoto inatoka hapa." Alitaka kujua kwetu mvua zimeanza lini, na kama nako zinakuja zote kwa mara moja siku hizi, badala ya kidogo kidogo kama alivyozizoea alipokuwa msichana. Tulimweleza. Kisha alitazama juu ya mgomba, upande wa kilele, na kutuuliza saa. Ilikuwa saa tano na robo.

"Anzeni kushuka," alisema, akaanza kukusanya kahawa yake.